Simu Chini ya Taulo

Leo darasani mwenzangu amefungua chupa ya kahawa yenye iliki, na wivu wangu wa zamani ukaamka bila hata kunisalimia.

Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya mama hapa mjini Durban, najifanya kuku wa kuchoma. Kahawa kama hiyo aliileta mteja wetu Mpalestina. Kabla ya kuongea alificha simu yake chini ya taulo, kana kwamba wakubwa wa Gaza wangemsikia mpaka huku.

"Mabomu nayalaani," alimnong'oneza mama kwa Kiingereza chao cha kubahatisha. "Lakini hawa wetu wenye bunduki, nani aliwatuma? Dada yangu analala kwenye hema. Nikisema hivyo kwenye maandamano, nitaitwa msaliti."

Mama akaacha kumchana, akaingiza simu yake pia chini ya taulo.

"Kwetu Kongo ilikuwa vile vile, dada. Walisema wanatukomboa. Wakachukua mbuzi, halafu wakamchukua kaka yangu."

Mimi nilikuwa nimemuuliza habari za mjomba huyo mara mia. Jibu lilikuwa moja: "Kula bugali yako."

Mpaka leo, tukiwa wawili mezani, naweka simu yangu chini ya taulo na kusubiri. Mama ananiuliza kama nimevunja kioo tena.