Ufito Uliolegea Katikati

Mrukaji yule wa Kicheki, wa kuruka juu, alikuwa akija Johannesburg kila theluji ilipoanza kwao. Mji huu uko juu, hewa yake nyepesi, na wanariadha wa Ulaya hupenda kuyazoeza mapafu hapa. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa uwanja. Nilimwona kwanza akiwa binti, akiuvuka ufito kwa mgongo kama anayejitupa kitandani. Nikamwona ana medali za kwao, akiringa kidogo, na alikuwa na haki ya kuringa. Mwaka wa mwisho alikuja peke yake, bila kocha, goti limeshapasuliwa.

"Baba," aliniambia kwa Kiingereza chake, "nikivuka kimo changu cha zamani, naendelea. Nisipovuka, kuna shule nyumbani inanisubiri nikafundishe."

Jumatatu akavuka. Nilisoma namba kwenye nguzo, nikamtajia, akalipiga godoro kwa ngumi akicheka.

Kesho yake mlinzi wa geti, Mkongo asiyejua kunyamaza, aliegemea uzio.

"Papa, ile ufito yako imechoka kama weye. Angalia tumbo yake."

"Tumbo ni lako, unayemaliza ugali wa pap wa wenzako."

Nilimjibu hivyo, lakini nikaangalia. Ufito ulikuwa umelegea katikati. Sikukuu zote niliuacha umeegemea ukuta wa stoo, chini ya bati la moto, badala ya kuulaza. Namba ya nguzo huonyesha kimo cha ncha. Mrukaji hupita katikati, na kwenye mashindano hapo ndipo hupimwa. Kazi yangu naijua, sikuhitaji kufundishwa: mrukaji yule hakuwa amevuka kimo chake.

Nikanyamaza. Nilijiambia furaha ingempa nguvu, na kimo cha kweli kingekuja chenyewe. Jumatano akaikataa ile kazi kwa simu, mbele yangu, huku nikikunja turubai. Ufito kupinda ni ajali ya uzembe. Kunyamaza nilikuchagua, na ndiko ninakokujutia.

Ijumaa nilimfuata akinyoosha misuli.

"Dada, Jumatatu hukuvuka. Ufito umepinda, na mimi ndiye niliyeupinda."

Akachukua kijiti cha kupimia, akapima katikati mwenyewe, mara mbili.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Kwa hiyo nilipokuwa nakataa kazi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Tuliweka ufito mpya, akajaribu kimo kile mpaka miguu ikagoma, na kila mara ukaanguka.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya klabu za hapa mjini. Alijiandikisha. Akaniagiza nipime mimi, katikati, yeye akiwa amesimama pembeni anatazama. Wenzake wakatolewa mmoja mmoja. Akabaki peke yake, akavuka kimo cha chini kuliko kile cha zamani, safi, bila kuugusa. Mwamuzi akamuuliza tupandishe mpaka wapi.

"Hapa panatosha," akasema.

Akakaa kwenye godoro, akatoa simu kwenye begi, akampigia mkuu wa ile shule. Waliongea Kicheki, sikuambulia neno. Nilisimama na kijiti mkononi, nikiutazama uso wake. Alipokata simu, akaniambia nafasi bado ipo, kisha akaninyooshea mkono nimwinue.