Kadi Mbili Zilizo Sawa

Mie hakuna kitu cha kunishangaza katika dunia hii. Nimeanza na toroli moja la kukodi pale Tandika, leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, mawili Kinondoni na moja Mikocheni, na madarasa yangu yote niliyosoma ukiyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kidole kinabaki. Nimeibiwa na ndugu, nimesaidiwa na mwizi, nimeuza saruji kwa watu waliokuwa wananicheka. Sasa nishangae nini?

Lakini kuna sauti moja, ndugu msomaji, nikiisikia nainuka kwenye kiti. Vijana wangu wanapochana maboksi magumu ya misumari pale stoo, yale yanayosema *chrraa* pole pole yakianzia pembeni, basi naacha hesabu natoka nje. Wao wanadhani bosi ana presha. Waache wadhani hivyo. Nyie nitawaambia.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya vyumba sita, mama na mie tumepanga kimoja. Ni wakati ule wa foleni, sukari na sabuni hupati mpaka uwe na kadi ya duka la ushirika. Hiyo kadi ilikuwa ya karatasi nene rangi ya maziwa yaliyochacha, ina mihuri, na watu waliitunza kuliko vyeti vya ndoa. Cheti cha ndoa kikipotea mume bado yupo. Kadi ikipotea, unakunywa chai kavu.

Mie nilikuwa darasa la tatu, na mtaani niliitwa Profesa. Jina hilo sikupewa shule. Shule nilikuwa nashika mkia, herufi kubwa nazisoma, lakini sentensi ikiwa ndefu inanipotea katikati kama kuku sokoni. Uprofesa niliupata sokoni Tandika, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatandika gunia chini na kupanga juu yake vitabu vikuukuu. Kati ya vitabu hivyo kulikuwa na vile vya mazingaombwe na vya kusoma mawazo ya watu, navyo ndivyo vilivyotutoa roho sie watoto. Kimoja kilikuwa cha kujifanya usionekane. Wenzangu walitaka tuchange tukinunue. Mie nikakichukua, nikakinusa, nikakipima mkononi, nikakunja uso. Kwenye jalada kulikuwa na mchoro wa mtu ana vidole sita. Nikasema, "Hiki cha uongo. Mtu hajui kuhesabu vidole atajuaje kupotea?"

Watoto wa mtaa wa pili wakakinunua wao. Kumbe ndani dawa ya kwanza ilikuwa yai la kunguru mweupe. Wakazunguka wiki nzima wanatazama juu ya miti, na mmoja akaanguka akavunjika mkono. Tangu siku hiyo, kitabu hakinunuliwi mpaka Profesa akipime.

Na mie nikajitungia elimu yangu. Nilikuwaga nasema kitabu cha siri kikiwa kinene ni cha uongo, maana siri ya kweli haina maneno mengi. Nilisema pia kwamba wino wa kitabu cha kweli unanuka kama mafuta ya taa, na kwamba picha ndiyo inayosema ukweli, maandishi ni ya kujazia. Kumbukeni kuwa hayo nayasema mtu ambaye maandishi yenyewe nilikuwa siyawezi. Rafiki yangu Chande, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa anasoma vizuri kabisa, lakini alikuwa mpole, ana kigugumizi, na mie nilikuwa na mdomo. Mtaani anayesikilizwa ni mwenye mdomo.

Ndipo kikaja kitabu kile. Chembamba, kinanuka mafuta ya taa, jalada lina mtu wa kilemba ameweka kidole kwenye paji la uso. Ndani picha tatu zimefuatana: mtu anachana kadi, anaifunika kwa leso, kadi inatoka nzima. Na chini, kwa herufi kubwa nilizoziweza, KADI. Nikamwambia mzee wa gunia, "Hiki ndicho." Akanitazama juu ya miwani yake. "Umekisoma, babu?" Nikamjibu, "Nimekipima." Alicheka mpaka akakohoa. Tulichanga, tukanunua, na kikakaa kwangu, maana mtaalamu ni mie.

Jumapili mchana nikatangaza maonyesho uani kwetu. Walikuja watoto, wakaja na wapangaji wote, wanawake wamekaa kwenye mkeka, baba mmoja wa chumba cha mbele kaja na kigoda chake na redio begani. Na Bi Somoe alikuwepo.

Bi Somoe alikuwa mjane, chumba chake kilitazamana na chetu. Watu wa kwao ni Lindi. Alikuwa amemzika mume, amezika na watoto wawili, na akabaki na kikaango cha vitumbua. Kila alfajiri harufu ya hiliki na tui ilinitoa usingizini kabla ya adhana, na kabla sijaenda shule alinipa kile kilichoungua pembeni. "Kula, baba, hiki kimekataa kuuzwa." Siku nyingi nilikuwa naona kabisa kwamba hakijaungua popote.

Nilianza na kusoma mawazo. Chande, aliyekuwa ameshachungulia mifuko ya watu mapema, alikohoa mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na mie nikawaambia watu vilivyomo mifukoni mwao. Uani palilipuka kwa makofi. Yule baba wa redio akasema, "Huyu mtoto apelekwe ofisini, atusaidie kumjua anayekula sukari yetu!" Watu wakacheka, mie kichwa kikavimba.

Nikainua mkono. "Sasa nipeni kadi!"

"Kadi ya nini wewe?" akauliza mama mmoja.

"Kadi. Naichana mbele yenu, kisha inarudi nzima."

"Ya chama? Unataka tufungwe?" akasema baba wa redio.

"Mpe ya kliniki, mama Hadija, mwanao si ameshaota meno!"

"Thubutu! Na chanjo ya surua utamchanja wewe?"

Kicheko. Kila ninayemtazama anashika mfuko wake. Watoto wakaanza kuzomea chini chini, "Profesa kaishiwaa, Profesa kaishiwaa." Masikio yakawaka moto. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kope.

Bi Somoe, aliyekuwa amempakata mtoto wa mama Hadija, akafungua pindo la khanga yake kwa mkono mmoja, akatoa kadi yake ya duka la ushirika. "Haya, chukua, mwanangu," akasema. "Mtoto wa watu asiadhirike."

Mama yangu alisema, "Dada Somoe, usimpe huyo!" Yeye akajibu, "Si amesema inarudi?"

Nikaichana. *Chrraa.* Vipande viwili, halafu vinne. Nikafunika leso, nikasema maneno niliyoyatunga mwenyewe, nikapuliza, nikafunua. Vipande vinne. Nikafunika tena, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Vipande vinne vilevile, na muhuri wa mwezi ule umekatika katikati.

Hapakuwa na kicheko tena. Kadi ile ilikuwa sukari ya vitumbua, na vitumbua ndiyo kodi ya chumba, kila mtu uani alijua. Mama akawa anainuka anavua kandambili. Na mie, badala ya kusema sijui, nikasema neno. Nililisikia likinitoka mdomoni kwa sauti ya mtaalamu kabisa:

"Hairudi. Bi Somoe ameifunga."

Mgeni wa maneno yetu anaweza kudhani nimesema jambo dogo. Kufunga kitu, kwa sie, ni kukizuia kwa dawa: kuifunga mvua, kuifunga biashara ya mwenzio, kulifunga tumbo la mwanamke lisizae. Neno hilo hulisemi juu ya mtu hivi hivi. Hulisemi kabisa juu ya mjane aliyezika watoto wawili, ambaye alikuwa hajasemwa uchawi bado, lakini kuna watu walikuwa wanangoja tu mmoja aanze.

Halafu mama Hadija akasogea juu ya mkeka, akamtoa mtoto wake mapajani mwa Bi Somoe, akamkumbatia yeye. Mikono ya Bi Somoe ikabaki imekaa vilevile kama bado imembeba.

Nilichapwa. Mama alinichapa mpaka yule baba wa redio akamshika mkono. Lakini fimbo ilikuwa ya kadi. Neno halikuwa na fimbo yake.

Bi Somoe aliunga vile vipande kwa uji mzito, akaenda navyo dukani, akarudishwa. Akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaambiwa asubiri kadi mpya, akasubiri. Mama akawa anamgawia nusu ya sukari yetu, naye akapika hivyo hivyo, vidogo vidogo. Kazi ya kuvitembeza nikapewa mie, mama yangu ndiye aliyetaka iwe adhabu. Nikapita na beseni nyumba hadi nyumba. "Leo hatuli," wananiambia. "Tumeshakunywa chai." Nyumba zilezile ambazo zamani walikuwa wanagombania. Mama mmoja alinong'ona nikisikia, "Vya mfungaji hivyo, utavila ukwame." Nikavirudisha beseni zima, vimepoa, vimetoa jasho chini ya kitambaa.

Kesho yake Chande alikuja na kitabu kile, alikuwa amekiazima kwangu. Akakifungua kwenye ukurasa wenye picha, akaweka kidole kwenye mstari mrefu juu ya picha ya kwanza, ule ambao mie niliuruka nikidhani ni wa kujazia. "Pro-Profesa. Hapa wa-wanasema, kabla ya kuanza, tafuta kadi mbili zilizo sawa. Moja uifiche kwe-kwenye mkono wa shati." Akasogeza kidole. "Na kadi hizi si za sukari. Ni ka-karata. Wameandika kadi za kuchezea. Ka-karata, Profesa!"

Kwetu karata ni karata. Pau, kopa, kisu, shupaza. Nani anaita karata kadi? Aliyekiandika kitabu kile hakuwa mtu wa Temeke, hilo nitamlaumu mpaka kesho. Lakini kitabu kilikuwa kizuri. Kwa uaminifu wote, nyie mnaotaka kujua kama vitabu vile vilifaa kununuliwa, kile kilifaa, kila siri ilikuwemo na imeelezwa vizuri. Mnunuzi ndiye alikuwa mbovu.

Sasa, nilikuwa nimejua. Ilikuwa asubuhi, Bi Somoe yupo pale pale uani anaosha kikaango, hatua chache tu. Ningesema, "Mama, jamani, nilikosea, zilitakiwa mbili," na uani wote ungesikia. Nikamshika Chande shati. "Ukimwambia mtu, utaniona." Chande hakumwambia mtu. Kigugumizi kilimsaidia, na mie kikanisaidia.

Haukupita muda Bi Somoe akahama. Alikodi mkokoteni akapakia kitanda, kikaango na sanduku la bati. Watu wazima wachache tu walitoka kumuaga. Mie nilijificha nyuma ya choo, akanijua nilipo. Akaja, akaniwekea mkono kichwani, akasema taratibu, asisikie mwingine, "Profesa, ungesema tu hujui. Nisingekasirika."

Nilidhani ananisamehe mambo ya kadi. Nimekuwa mtu mzima, nimejifunza kusoma kwenye mifuko ya saruji na risiti za watu, nimeoa, nimezaa, ndipo nikaelewa kwamba yule mama hakutoa ile kadi kwa kuamini mazingaombwe. Hakuna mtu mzima uani pale aliyeyaamini. Aliitoa sukari yake akijua huenda hairudi, ili mtoto wa jirani asilie mbele za watu. Aliniokoa na aibu, na mie ile aibu nikaichukua nzima nzima nikamtwisha yeye.

Mwaka huu, baada ya mvua, nikasikia amefariki huko Mbagala. Nikaenda. Nikavaa kanzu nyeupe, gari nikaliacha mbali kidogo lakini pa kuonekana, ndivyo nilivyo. Nikakaa kwenye jamvi na wanaume. Bwana mmoja pembeni yangu, kijana tu, wala Temeke ya wakati ule hakuiona, akaniinamia kama tunavyonong'onaga misibani. "Marehemu alikuwa mtu mwema, mzee, ila si unajua, alikuwa na mambo yake. Wanasema huko Temeke aliwahi kumfunga mtoto wa watu mbele ya kadamnasi. Ndiyo maana hapa hakuna aliyekuwa anampa mtoto ampakate."

Neno langu lilikuwa hai bado. Nilikuwa nimelizaa mie, na lilikuwa limekaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo, limemsindikiza mpaka kaburini.

Jamvi lilikuwa limejaa. Nina sauti ya kusikika mpaka barabarani, kila mteja wangu anajua. Ningesimama, maneno yenyewe hayazidi kumi. Yule kijana ananitazama, anangoja nitikise kichwa. Nikatikisa.

Kapu la rambirambi likapita. Nilikuwa nimepanga laki moja. Nikatumbukiza zote nilizokuwa nazo mfukoni, na yule kijana akasema kwa sauti, "Mashaallah, mzee ana moyo." Kunyamaza kwangu siku ile kulinigharimu shilingi laki mbili, elfu arobaini na mia tano.