Utingo Aliyebaki na Lori Barabara ya Habaswein

Mimi mnanijua kwa uongo. Ni mimi niliwaambia mbuni alinikimbiza mpaka nikaingiza gia ya nne, na bado akanipita, akaniangalia kwa dirisha. Sawa, hiyo niliongeza. Yule mbuni alikuwa kifaranga. Lakini hii ya leo, wallahi, sijatia hata punje ya chumvi. Kama nadanganya, hii mikono isishike usukani tena.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua ya El Nino. Nilikuwa na Land Rover kuukuu hapa Garissa. Akaja Mhindi mmoja wa Nairobi, Bwana Firoz, mtu mzuri, tumbo mbele kama tangi. Wageni wengine wanataka simba, yeye anataka vyuma! "Dereva," akaniambia, "nionyeshe kila gari na pikipiki ya zamani mpaka Rhamu."

Nikaanza na pikipiki ya polisi wa mkoloni, iko nyuma ya nyumba ya mtu pale mjini, kuku wanatagia kwa kile kiti cha pembeni. Firoz akapiga magoti, akaipangusa na leso, machozi yanamtoka. Mwenye kuku akanivuta shati: "Waryaa, wewe, huyu amefiwa?"

Kesho yake tukashika barabara ya Habaswein. Siku hizo magari yalienda msafara, askari mbele, sababu ya majambazi. Lakini Firoz akiona mlango wa gari umelala mchangani lazima ashuke apige picha. Msafara ukatuacha. Saa saba mchana, jua liko juu ya kichwa kama pasi, rejeta ikachemka. Nikaenda nyuma kutoa maji. Mtungi ulikuwa umepasuka, umebaki na unyevu tu. Unajua maana yake huko? Maana yake ni kupiga shahada ya mwisho.

Ndiyo nikaona lori ya pua, zile za zamani, imekaa ndani ya miiba. Mwanaume mmoja ameegemea gurudumu, mtu mzima, kofia mkononi.

"Assalamu alaykum, walaal, ndugu yangu," nikasema. "Rejeta yetu imekauka."

"Wa alaykum salaam. Na nyinyi pia mmekauka. Kunyweni kwanza, gari ingoje. Gari haina watoto."

Akatupatia debe ya maji. Tukanywa kama ngamia, tukajaza rejeta, na debe bado imejaa mpaka mdomoni. Na yale maji, niamini, yalikuwa baridi! Sasa mimi si mjinga, nikaangalia miguu, maana jini ana kwato. Nikaona miguu ya binadamu, viatu vya tairi, kamba ya kushoto imeshonwa na mpira mwekundu. Roho ikatulia.

Firoz hana habari, yeye ameona honi ya shaba. "Naomba hii, tafadhali."

"Sina ruhusa," yule mtu akasema. "Mimi nalinda tu. Dereva ameenda Habaswein kutafuta springi. Mkimkuta mwambieni Gedi bado yuko. Aje anitoe."

"Ameenda lini?" nikauliza.

"Jana." Akainua macho. Mti wa miiba ulikuwa umeota ndani ya lori, umetoka kwa dirisha, umepita paa. Akauangalia sana. "Ama juzi," akasema.

Sikumbuki niliwashaje gari.

Habaswein kulikuwa na Mzee Shire, dereva wa zamani, sasa anakata viatu vya tairi. Nilimpeleka Firoz kwake asikie habari za malori, na mimi nikafungua mdomo nikasimulia. Nilipofika kwa ule mpira mwekundu, kisu chake kikasimama.

"Kamba ya kushoto?"

"Ya kushoto, adeer, ami yangu."

"Niliishona mimi."

Akatuambia yote. Mkoloni alikuwa ndiyo ameondoka tu. Yeye ndiye alikuwa dereva wa ile lori. Springi ikavunjika, akamwacha utingo wake Gedi na debe moja ya maji, akatembea mpaka mjini, homa ikamwangusha. Akatuma dereva mwingine. Yule akamkuta Gedi amekufa, debe tupu. Wahamaji walisema aliwapa watoto wao maji yote. Akazikwa pale pale.

Na sisi madereva tuna sheria: ukimwacha mtu na gari, urudi mwenyewe, umshike mkono, useme "nimekupokea." Hutumi mtu. Mzee Shire aliona haya, akajitenga na madereva wenzake, hakukanyaga hiyo barabara tena.

"Amesema uje, adeer," nikamwambia.

"Ataniuliza nilikuwa wapi."

"Si umwambie!"

Asubuhi tukaenda watatu, nyuma ya askari. Gedi hayuko. Kuna lori, rundo la mawe ya kaburi, na ile debe. Imeliwa na kutu, tundu ya kupitisha ngumi. Firoz akapitisha mkono, akaketi chini.

Mzee Shire akashika mpini wa mlango kama mkono wa mtu. "Gedi, nimechelewa. Nimekupokea."

Ile lori ikainuka. Si umeona gari ikishukwa na mtu mzito, springi inapumua? Hivyo. Halafu mchangani, mbele ya macho yetu sita, zikaanza nyayo. Kushoto, kulia, alama za tairi, hatuoni mtu. Mzee Shire akatembea nazo bega kwa bega, anaongea Kisomali polepole, mara analia, mara anacheka. Zilipofika barabarani, zikaisha.

Firoz hakupiga picha hata moja. Honi hakuigusa, mpaka leo iko pale. Mzee Shire alirudi kunywa chai na madereva. Na ile rejeta yangu haijachemka tena. Land Rover ilikufa zamani, rejeta nimeihamisha kwa magari matatu. Uliza fundi yeyote.

Kwa hivyo ukiona gari imesimama njiani, simama, toa maji. Na ukimwambia mtu ningoje hapa, rudi kwa miguu yako mwenyewe. Kuna watu ukiwaambia wangoje, wanangoja.