Siku Mama Mkwe Alipopanda Mti

Kwetu Mchombe, asali ina kazi za wanaume na kazi za wanawake. Wanaume huchonga mizinga, huitundika mitini na kurina. Sisi tunachuja, tunajaza chupa na kuuza kando ya barabara ya Mlimba. Nilipoolewa nilionywa nisisimame hata chini ya mti wenye mzinga, eti nyuki watahama. Sikubisha. Sikuwa na hamu ya kuumwa.

Mwaka juzi mume wangu alianguka na pikipiki, akarudi kutoka hospitali Ifakara na plasta ngumu mguu mzima. Mizinga ilikuwa imejaa. Mdogo wake, aliyeko Chita, akaahidi kuja kurina. Kila tukimpigia anasema bado anavuna mpunga, atakuja kesho. Kesho hiyo ikafika wiki ya pili.

Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni. Marehemu mumewe alikuwa mrina asali aliyesifika kijiji kizima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Una suruali?”

“Sina.”

“Vaa ya mumeo. Yeye kwa sasa haimwingii.”

Mume wangu akauliza kutoka kitandani tunakwenda wapi. “Kuni,” mama akajibu, akachukua ndoo mbili.

Tulifika porini alasiri. Mama akafunga khanga yake katikati ya miguu, akawasha kitita cha majani makavu kitoe moshi, akapanda mti kama mtu anayepanda kitandani kwake. Nilibaki nimeachama. Aliposhuka, ndoo ilikuwa imejaa masega.

“Mama, nani alikufundisha?”

Akalamba kidole kwanza. “Baba mkwe wako nyuki mmoja tu akimuuma, anavimba mpaka macho yanaziba. Mara ya pili nusura afe. Na watoto wanataka kula. Basi nikawa napanda mimi, yeye anakaa mbali kule kwenye kichuguu. Nikishuka, anabeba ndoo kuingia nayo kijijini.”

“Watu hawakujua?”

“Walimwona na ndoo. Wangeuliza nini?”

“Na wewe hukukasirika?”

“Nilikasirika sana. Lakini njiani alikuwa ananisimulia vituko, nacheka mpaka nakaa chini.” Akanyoosha kidole kwenye mzinga wa pili, uliotundikwa chini zaidi. “Ule wako.”

Nilipanda. Nyuki mmoja akaniuma sikioni, mwingine shingoni. “Usipunge mikono! Pumua!” mama akapaza sauti. Nikapumua, nikatoa masega, nikashuka nacheka na kulia kwa pamoja.

Nyumbani mama akamweleza mwanawe yote, bila kupamba. Mume wangu alikuwa amekua akijisifia baba yake kila mahali.

“Mama, hata mimi mlinificha?”

“Wewe ulikuwa unakula asali. Hukuuliza.”

Kulipokucha mume wangu akampigia mdogo wake simu, akamwambia asihangaike kuja, mama na shemeji yake wamesharina. Nilimsikia huyo mdogo wake akicheka kwenye simu, akidhani ni utani.

Siku hizi nina mizinga yangu minne, na ninaitundika mwenyewe. Mume wangu anachuja, akilalamika kwamba vidole vinanata. Jirani yangu, mke wa mfugaji wa Kisukuma, huja nami. Yeye haogopi nyuki hata kidogo, ila urefu unamshinda, kwa hiyo anabaki chini kushika kitita cha moshi na kuniambia nifanye haraka.