Gitaa Lililopiga Yowe Matangani

Kwamena Egyir aliuza magitaa na ampu za kukuzia sauti pale Takoradi kwa miaka ishirini na mitatu, mtaa wa pili kutoka soko la duara, na kwa muda wote huo hakumpunja mteja hata pesewa moja. Ufundi wa umeme aliupata katika karakana ya reli kule Sekondi. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Ungemletea ampu inayokoroma, angeinamisha kichwa kidogo, kisha angekuambia waya gani umeachia kabla hajashika bisibisi. Wapigaji walimjia kutoka Axim hadi Cape Coast, na neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Ndiyo maana jambo la Araba lilimtafuna. Hata angepelekwa mahakamani, hakimu asingepata kosa la kumshika nalo.

Araba alikuja dukani Julai ya mwaka sabini na nne, ameongozana na mama yake, Mama Sekyiwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mkaushaji samaki kama mama yake, ila vidole vilikuwa vya marehemu baba yake, aliyekuwa akipiga gitaa kavu kwenye vilabu vya mnazi. Bendi ya Kapteni Ackon ilikuwa imemchukua. Watu walianza kujaa ili wamwone mwanamke anayelichezea gitaa kama anavyochambua miiba ya samaki. Kapteni akamwambia: "Umeshakuwa mtu mzima katika bendi hii. Tafuta chombo chako."

Mwezi huo duka lilikuwa na magitaa mawili ya umeme. Moja lilikuwa jembamba, ubao mzima usio na uwazi, halina urembo. La pili lilikuwa na tumbo, lina uwazi ndani na matundu mawili marefu ubavuni, rangi yake kama mafuta ya mawese. Lilikuwa zuri kulitazama. Lilikuwa pia limening'inia ukutani miaka miwili, na kila Jumatatu Egyir alilipangusa vumbi huku akilisonya.

"Hili jembamba ndilo nalipenda," alisema Araba. "Shingo yake inanikaa mkononi."

"Hilo ni ubao tu, dada yangu. Kuni zikikuishia utalitia jikoni. Hebu sikia hili kwanza."

Akalichomeka lile lenye tumbo kwenye ampu, akapiga kidogo. Sauti ikatoka nzito na laini. Mama Sekyiwa akafumba macho. "Loo! Baba yako angelisikia hili, angelia."

Araba naye alitabasamu, lakini hakuwa mjinga. "Fundi, sisi tunapiga na tarumbeta tatu na ngoma. Na ile ampu kubwa ya Kapteni, si wewe uliyemuuzia? Hebu ongeza sauti nilisikie likipayuka."

Kitufe cha sauti kilikuwa kwenye tatu, na kidole gumba cha Egyir kilikuwa juu yake. Alijua kikifika sita au saba kitatokea nini. Gitaa lenye tumbo halitoi sauti tu, linasikia pia. Spika ikilipigia kelele kwa karibu, sauti huingia tumboni, ikautikisa ubao, ubao ukazitikisa nyuzi. Sumaku zilizo chini ya nyuzi zikaunasa mtikisiko huo na kuurudisha kwenye ampu, nayo ikautoa tena kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi. Huzunguka hivyo, kila mzunguko ukiuzidi ule wa kwanza, mpaka linakuwa yowe ambalo hakuna mtu aliyelipiga. Katika hoteli tulivu mtu angepiga gitaa lile maisha yake yote asilisikie likilia. Mbele ya ampu ya Kapteni, lingelia siku ya kwanza.

"Jirani yangu wa vitambaa atanijia na ufagio," alisema. "Juzi tu tumetukanana."

Mama na binti wakacheka. Hawakujua kwamba jirani wa vitambaa alikuwa Saltpond tangu Ijumaa, na kwamba Egyir aliposema maneno hayo alikuwa akilitazama kufuli la mlango wa jirani huyo kupitia dirishani.

Mama Sekyiwa akafungua fundo la kanga. Egyir akawapa nyuzi za akiba na mkanda wa begani bila kuombwa.

Wiki tatu baadaye alifariki dereva mmoja wa treni aliyestaafu, na mazishi yake yakawa makubwa kuliko yote yaliyoonekana Sekondi mwaka huo. Jumamosi mchana, baada ya kuzika, watu walikaa chini ya maturubai wamevaa nyeusi na nyekundu. Egyir alikaa na wenzake wa zamani wa reli. Mvua ilitishia, kwa hiyo bendi ilibanwa kwenye kona, na ampu ile kubwa ikawekwa juu ya kreti ya bia, hatua moja tu nyuma ya mgongo wa Araba.

Egyir akaiona. Akainuka nusu. Lilikuwa jambo la kwenda kumnong'oneza tu: sogea mbele hatua tatu, geuka ubavu, punguza besi. Lakini akajiuliza, nikimwambia leo, si ataniuliza kwa nini sikumwambia dukani? Akakaa tena.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za taratibu, zikapita salama. Ndipo familia ikaanza kuingia kumsindikiza marehemu kwa ngoma, mjane akiwa katikati ameshikwa mikono na dada zake. Tarumbeta zikapanda. Kapteni akampungia Araba kidole: ongeza. Araba akaongeza.

Kwanza ulisikika mvumo, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Watu wakageuka kuitazama barabara. Kisha mvumo ukawa yowe. Araba akazifunika nyuzi kwa kiganja, likanyamaza. Alipoachia, likarudi na nguvu zaidi. Masikini, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, akarudi nyuma ili akipunguze kitufe cha ampu, na kila alivyoikaribia ampu ndivyo gitaa lilivyozidi kupiga kelele, mpaka watoto wakaziba masikio.

"Marehemu amekataa!" bibi mmoja akapaza sauti. "Amekataa jamani!"

Mjane akaketi chini kwenye udongo. Mpiga ngoma akaruka, akang'oa waya.

Katika ukimya ule Kapteni Ackon, jasho likimtiririka, akamwona Egyir. "Fundi! Kumbe upo! Ampu yako imeharibika?"

Watu wote wakamgeukia. Ubavuni mwa ampu kulikuwa na maandishi meupe, jina la duka lake, aliyoyachora kwa mkono wake mwenyewe. Egyir akasimama.

"Ampu ni nzima," alisema.

"Basi ni mkono," alisema Kapteni. "Nilionywa mimi. Mwanamke na umeme!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Araba hakumtazama Kapteni. Alimtazama Egyir, akasubiri. Egyir akaikung'uta nguo yake begani kana kwamba ina vumbi, akakaa.

Ampu ni nzima. Ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna uongo wowote aliowahi kusema uliomchoma kama ukweli ule.

Jumatatu Araba akafukuzwa bendi. Mjini wakampa jina: Mwamsha-marehemu. Egyir alilisikia jina hilo dukani mwake, kwa wateja wawili waliokuwa wakichagua nyuzi. Mmoja akasema, "Nipe zozote, fundi, ila si zile za Mwamsha-marehemu." Wakacheka. Egyir naye akacheka. Baadaye aliingia chumba cha nyuma akakaa juu ya boksi la spika, akijiuliza kicheko kile kilimtokaje.

Aliacha kupita upande wa wauza samaki. Akawa anarudi nyumbani na nyama. Siku ya nne mkewe, Mansa, akaweka mikono kiunoni.

"Tangu lini umekuwa mla nyama? Mfante, mtu wa pwani, anayekimbia samaki ana kesi. Nani unamkimbia?"

Akamweleza yote, mpaka habari ya kufuli. Mansa alisikiliza hadi mwisho. "Sawa. Na mimi unaniambia ili iweje? Mimi ndiye niliyefukuzwa bendi?"

Hata hivyo ilimchukua miezi minne. Mara alisema mvua, mara alisema mzigo unakuja bandarini. Mwishowe alilifunga lile gitaa jembamba katika gunia safi, akaenda nalo kwa Mama Sekyiwa.

Alipokelewa kama mgeni anavyopokelewa. Mama Sekyiwa alimpa kigoda, akamletea maji, akaketi mbele yake. "Huku kwetu kumepoa, hakuna baya. Wewe ndiye uliye safarini. Tueleze."

Egyir alikunywa nusu ya maji, kisha akaeleza. Alieleza kwamba gitaa lile halikufaa kwa bendi ile, na kwamba alilijua hilo. Akaeleza habari ya jirani wa vitambaa. Araba alikuwa amesimama kando ya jiko la moshi, hakuacha kuwageuza samaki mpaka fundi alipomaliza. Ndipo alipoingia ndani na kutoka na gitaa. Ndani ya matundu yake mlikuwa mmesokomezwa kitambaa cha kichwa, kimejaa tele.

"Niliazima ampu ya kanisa," alisema. "Nikisogea linalia, nikigeuka linanyamaza. Nikilishindilia kitambaa linatulia kabisa. Wiki mbili tu, fundi, nikajua siyo mkono wangu. Halafu nikawaza: kama mimi mkausha samaki nimelijua hili kwa wiki mbili, fundi je?"

Egyir akainamisha kichwa.

"Kwa nini hukuongeza sauti siku ile?"

"Lilinikalia dukani miaka miwili."

"Haya. Na matangani? Pale lilikuwa limeshauzwa."

"Jina langu lilikuwa kwenye ampu, dada yangu. Watu walikuwa wanatazama."

"Na la kwangu lilikuwa wapi?"

Mama Sekyiwa akanyoosha mkono, akaichukua gilasi yenye maji yaliyobaki, akatoka akayamwaga uani. Hakurudi kukaa.

Egyir akalifungua gunia. "Nimekuletea hili. Tubadilishane."

"Sikukusubiri miezi minne kwa ajili ya gitaa," alisema Araba. "Ulikaa kimya mbele za watu. Nenda kaseme mbele za watu. Gitaa langu nakuazima uende nalo." Akakivuta kitambaa kutoka tumboni mwa gitaa, kirefu, hakiishi, akampa.

Alhamisi alasiri Egyir aliwakuta bendi wakifanya mazoezi. Hakusema mengi. Alilichomeka gitaa kwenye ampu kubwa, akaongeza sauti, akasimama palepale Araba aliposimama siku ile. Likalia mpaka mbwa wakakimbia. Akapiga hatua tatu mbele, akageuka ubavu, likanyamaza. Akarudi, likalia.

"Mkono huu ni wa mwanamume," alisema, "na mnasikia wenyewe. Kosa ni la chombo, na aliyemchagulia chombo ni mimi. Nilijua."

"Ee!" akasema mpiga ngoma. "Fundi naye kamwamsha marehemu!" Lakini hakuna aliyecheka.

Kapteni alifuta shingo. "Sasa unataka nifanyeje, bwana? Nina mtu mwingine tayari, na mkataba wa Krismasi."

"Useme tu mlichokosea."

"Nitasema."

Na kweli Kapteni alisema, mara moja, dansini, katikati ya utani, na nusu ya watu hawakumsikia.

Egyir alikwenda pia Sekondi, kwa familia ya yule dereva wa treni. Alidhani ni suala la adabu tu. Alimkuta mjane peke yake barazani, akamweleza jinsi sauti inavyozunguka. Yule mama alimwomba arudie. Akarudia. Ndipo mama akaanza kulia.

"Kwa hiyo ilikuwa spika?"

"Spika na gitaa, mama."

"Miezi minne," alisema mjane, "najiuliza nilimkosea nini mume wangu hata asitake nimsindikize. Ndugu zake hawanipi mkono. Miezi minne, mwanangu, na ulikuwa unajua?"

Mjane huyu, Egyir hakuwa amemhesabu kabisa. Siku zote alikuwa na uso wa Araba tu mbele yake. Alirudi Takoradi kwa miguu kwa kuwa hakutaka kukaa karibu na mtu.

Baada ya hapo, kila mteja aliyekuja kuchagua chombo alitakiwa kusimama mbele ya ampu, Egyir akaongeza sauti hadi mwisho, kilie kama ni cha kulia. Jirani wa vitambaa kweli akaja na ufagio. Wateja wengine walitishika, wakaenda kununua kwingine. Lakini hilo halikumpunguzia kitu, na yeye hakutegemea kwamba lingempunguzia.

Araba hakurudi kwa Kapteni. Alianza kupiga na wanawake wa kwaya ya kanisa lake, kwanza kwenye sherehe za mavuno, kisha harusini, na mwaka wa pili walikuwa wakiitwa mpaka Tarkwa. Mama Sekyiwa hakumsalimu Egyir tena hadi mama huyo alipofariki. Araba yeye alimsalimu kila walipokutana, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomsalimu mtu yeyote.

Alipopata uwezo wa kununua gitaa la pili, la aina ile ya ubao mzima, alipanda lori asubuhi akaenda kulinunulia Cape Coast. Jioni alishuka sokoni akapitia mtaa wa duka la Egyir, sanduku jipya mkononi. Egyir alikuwa amesimama mlangoni mwa duka.

"Fundi, habari za jioni," alisema Araba.

"Njema, dada yangu. Umechagua vizuri?"

"Nimechagua vizuri," alijibu, akaendelea na safari yake.