Bado ya Nkambo

Juzi daktari mmoja hapa Kalemie aliniuliza nimewezaje kuacha sukari mwaka mzima nisirudie hata mara moja. Wagonjwa wake wengine, alisema, huapa asubuhi, jioni wamerudi kwenye chai ya vijiko vinne. Nilitabasamu tu. Ningemwambia nini, rafiki yangu? Kwamba nilifundishwa kujizuia nikiwa na miaka minane, nikafaulu, na hadi leo nakujutia kule kufaulu?

Mji ulikuwa bado ukiitwa Albertville, miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Mama alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na mama yake Papa, ambaye sote tulimwita Nkambo. Papa alifanya kazi kwenye treni ya Kabalo. Kila aliporudi alileta mfuko wa karanga, nami nilimsikia kabla sijamwona, viatu vyake vizito vikisaga changarawe. Nilitoka mbio nikamrukia shingoni, mkono mmoja ukiwa tayari ndani ya mfuko. Alinuka moshi na mafuta ya mashine. Sijapenda manukato yoyote kama yale.

Nkambo hakupendezwa. Kwake, mtoto mwenye adabu hagusi mzigo wa msafiri mpaka msafiri aoge, ale, aufungue mwenyewe. Tena majirani walishaanza kuniita Panya. Basi akaamua kunifundisha, na katika madarasa yote niliyopita sijaona mwalimu aliyeijua roho ya mtu kama yule mwanamke asiyejua kusoma. Aliniwekea sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, wananukia pilipili, akaenda zake kuteka maji. Nilishindwa, nikashindwa tena. Hakunichapa. Alisema tu kwamba nimekaa vibaya.

“Macho njo inaanzaka kula,” aliniambia, “mukono inafuata tu. Geuka.”

Nikageuka, nikaipa sahani mgongo. Kisha akanipa sinia la maharagwe nichambue, maana mkono usio na kazi hujitafutia yake. Somo la tatu ndilo lililokuwa kubwa.

“Roho, ukiiambia hapana, itapigana na weye. Uiambie bado.”

Tulianza kwa muda mfupi wa kuchekecha unga, tukaongeza hadi bugali kuiva, hadi nguo kukauka. Mwishowe nilikaa na wale ndagala mchana kutwa, nikachambua sinia zima, sikuonja hata mmoja. Nilijiona malkia. Ilibaki kumwonyesha Papa.

Alikuja siku isiyo yake, asubuhi, jua la upande wa ziwa likiingia mlangoni. Siku hizo watu wenye bunduki walikuwa wameanza kuvuruga njia ya reli, na treni zilipita kwa kubahatisha. Nikasikia viatu kwenye changarawe. Nkambo alinitazama mara moja tu. Nikaugeukia ukuta, nikavuta sinia, nikaanza kuchambua. Bado, bado, bado. Kivuli cha Papa kikaanguka ukutani mbele yangu, mikono ameifungua kama kawaida yake. Sikugeuka.

“Mama, kumbe mutoto amekuwa mukubwa,” alisema, na sauti yake haikuwa na ile furaha niliyoitegemea.

Nkambo akamjibu kwa fahari kwamba sasa nina adabu, aoge kwanza, ale, ndipo nimpokee. Papa akasema hana muda, treni inaondoka sasa hivi, alipita kutuona tu. Akaweka mfuko chini.

“Basi, bado,” aliniambia, akicheka kidogo. “Nitakubeba siku ya posho.”

Posho kwetu ni Jumamosi. Nilisikia viatu vikienda, nikaendelea kuchambua.

Jumamosi ile hakuja, wala zilizofuata. Hatukuletewa maiti wala barua. Mfuko ulining'inia kwenye msumari, na kila nilipoutaja Nkambo alisema bado. Ilipita miezi. Siku moja nilitoka shule nikamkuta ameketi sakafuni, mfuko mapajani, anatafuna karanga zilizokwisha kuingia wadudu, konzi kwa konzi, machozi yanamtiririka. Hakugeukia ukuta. Hapo ndipo nilipojua kwamba Papa amekufa.

Nilipotoka kwa daktari nilipitia kituo cha treni. Nyasi zimeota kati ya reli, na treni ya Kabalo huja ikipenda. Nyumba yetu haipo, Nkambo nilimzika zamani. Watu husifu uvumilivu wangu: mume aliniacha sikulia, mwanangu nilimzika sikulia, wakasema mama huyu ana roho ngumu. Si ngumu. Iliambiwa bado, ikakaa.

Mara nyingine namwaza Papa ametokea mlangoni, mikono wazi, naye ana muda wote. Najiona niko palepale na sinia langu, uso ukutani. Miguu haiinuki. Kukimbia nimekusahau.