Alilifuta Jina la Ndugu Yangu kwenye Orodha, Lawama Nikabeba Mimi

Admin, ficha jina langu. Majina mengine nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka sitini na minane, mjane, naishi mjini Baraka. Ninyi mnaokimbilia kuandika "mama, samehe tu", nawaomba mfike kwanza mwisho wa habari.

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa daktilo, mpiga chapa, kwenye ofisi moja ya serikali kule Fizi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Waasi walikuwa bado porini, na kila aliyetoka kujisalimisha aliandikwa kwenye rejista. Mimi nilitoa majina kwenye rejista nikayapiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi zinaitoboa. Mwenzangu, tumwite Byaombe, aliifunga kwenye mashine ya roneo, akazungusha mkono, wino ukapita kwenye matundu na nakala zikatoka. Gari lilizipeleka kwenye vizuizi vya askari. Ukiwa kwenye orodha, unapita. Usipokuwemo, wewe ni mwasi.

Yaya Wilondja, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja, alitoka porini akaandikwa. Nililiona jina lake kwa macho yangu. Lakini orodha ilipofika kizuizini, hakuwemo. Walimpiga kwa kamba siku nzima, akaokolewa na askari mmoja aliyemfahamu. Alikuja kwangu mgongo umevimba, akasema, "Mudogo wangu, jina yangu haiko. Ulinisahau?"

Niliona aibu. Mkuu wa ofisi alinitukana mbele ya watu wote, nami nikaamini ni kidole changu kilichoruka mstari.

Nikapiga stensili mpya. Safari hii nilisoma kila jina nikilifuata kwa kalamu, Wilondja alikuwemo. Nikampa Byaombe. Kesho yake nikaomba nakala moja niitazame. Hakuwemo tena. Ila mahali pake palikuwa na pengo jeupe, upana wa mstari mmoja. Hapo nikasimama. Kama ningekuwa nimemruka, majina yangefuatana bila nafasi. Pengo maana yake jina lilipigwa, wino ndio haukupita.

Nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Kwenye rejista alikuwemo. Nikamuuliza Byaombe stensili iko wapi, akasema, "Nilishaichoma." Sikumwamini. Nilichakura kasha la takataka nyuma ya ofisi hadi nikaipata, imejaa wino. Nikaifuta, nikaiinua dirishani. Herufi za mistari yote zilipitisha mwanga. Mstari wa yaya ulikuwa umepakwa verni, ile dawa nyekundu ya kuziba makosa. Chupa ya verni ilikaa kwenye saraka ya Byaombe, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Nikamwekea stensili mezani. Hakushtuka hata kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Utamwambia nani? We ndugu ya mwasi. Mi kila asubuhi naimbia chama hapa uwanjani. Bakiuliza nani alipiga hiyo liste, batakuta ni vidole vyako." Akaichukua, akaichana vipande vipande, akaenda kunawa mikono.

Gari lilikuwa limeshaondoka na nakala zile. Yaya naye, akiamini orodha mpya ina jina lake, alikuwa njiani kwenda Kilembwe kumleta mke wake na mtoto. Walimshusha kizuizini. Hatukumwona tena, wala kaburi hatukuonyeshwa.

Nilinyamaza. Hilo ndilo ungamo langu. Niliogopa kufungwa, nikamwacha mama yangu aamini kwamba nilimuua mwanawe kwa uzembe. Alikufa akisema, "Kidole chako kilimusahau ndugu yako." Chama kilipoanguka sikuwa na ushahidi wowote, na Byaombe alikuwa ameshakuwa mzee wa kanisa. Mtoto wa yaya, Sango, ana nywele nyeupe sasa. Hajawahi kula nyumbani kwangu. Alipomzika mama yake, aliniambia nibaki nje ya ua.

Mwezi uliopita binti ya Byaombe alikuja kuniita. Baba yake ni mgonjwa, miguu imevimba, hatoki kitandani. Nilipoingia akamfukuza binti nje, akasema yote bila mimi kuuliza. Alikuwa akipeleka chumvi na vitambaa kwa waasi, nao wakimpa dhahabu. Wilondja ndiye aliyekuwa akipokea mizigo ile. Byaombe aliogopa kwamba siku moja yaya angemtaja.

"Nisamehe," akasema. "Lakini ibaki hapa kati yetu."

Nikamwambia, "Sema hivyo mbele ya Sango, nitakusamehe palepale."

"Batoto yangu batanionaje?"

"Na mimi mutoto ya ndugu yangu aliniona namna gani miaka yote hii?"

Akageukia ukuta. Niliondoka bila kugusa maji waliyoniwekea.

Sasa binti yake amekuja mara tatu. Anasema baba hali chakula, anangoja neno langu tu. Yeye hajui ni neno gani, ananiona mwanamke mwenye roho mbaya. Kweli, roho yangu ni mbaya kwa yule mzee, siwafichi. Nikimsamehe kimyakimya, atazikwa kwa nyimbo na mimi nitabaki muuaji wa kaka yangu. Nikimwambia Sango peke yangu, atasema nimetafuta mgonjwa wa kumtupia kosa. Akiniamini ndiyo mbaya zaidi, maana nazijua hasira zake, na mzee hawezi hata kuinuka kukimbia.

Binti anarudi Jumapili kuchukua jibu. Ingekuwa ni ninyi, mngempa neno gani ampelekee baba yake?